Taa Ambazo Mashavu Hakuziona

Siku Mashavu alipovamia mabeseni, mkewe hakuwapo. Alikuwa kitandani, mafua yamembana, amejifunika shuka mpaka puani, na habari aliletewa na shemeji yake jioni, tena kwa vicheko. Bendi yao ya matarumbeta ilikodiwa kufungua duka jipya la vyombo. Wakapanga mstari, wakaja kwa mwendo wa maringo, Mashavu mbele, tarumbeta limeinuliwa juu, mashavu yamevimba hadi macho yamebaki mistari miwili. Alipofika mlangoni akakata kushoto, moja kwa moja kwenye mnara wa mabeseni ya plastiki uliopangwa nje. Mabeseni yakatapakaa barabara nzima. Mwenye duka akadhani ni sehemu ya onyesho, akapiga makofi. Wateja nao wakapiga makofi. Mashavu, ambaye hajakataa makofi tangu azaliwe, akainama akashukuru.

Shemeji huyo ni mdogo wake Mashavu, mpiga tromboni, mtu wa kutia chumvi hata kwenye salamu. Alisimulia huku ameshika mbavu. Mkewe Mashavu hakucheka.

"Mnara mzima wa mabeseni mekundu, hakuuona?"

"Shemeji, alikuwa amenogewa tu."

Shemeji alipoondoka, mke huyo alibaki akitazama dari. Watu wanamwita Bi Ngoma kwa sababu ndiye anayepiga ngoma kubwa ya bendi, ile ya kufungwa kifuani kwa mikanda, na kwa umri wake na kimo chake wengi huja kumtazama yeye kabla ya kusikiliza chochote. Alimjua mumewe. Mashavu hunogewa kila siku ya Mungu, na katika miaka yote ya kunogewa hajawahi kuparamia hata kiti. Tofauti ya siku ile ilikuwa moja tu: yeye hakuwa ubavuni mwake. Zamani ngoma ilikaa nyuma ya mstari, kama ilivyo katika bendi nyingi. Ni Mashavu mwenyewe aliyemwomba, miaka miwili iliyopita, asogee mbele akae upande wake wa kushoto, eti anataka kuisikia ngoma vizuri. Bi Ngoma alikubali huku anajiona malkia. Wiki nzima alitembea amevimba kichwa.

Sasa, akiwa chini ya shuka, alianza kujiuliza kama alihamishwa ili asikike au ili awe ukuta.

Kumfikisha Mashavu hospitali ya macho haikuwa kazi ndogo. Kwanza alisema ni miwani tu. Kisha akasema ni jua. Kisha akasema mabeseni yenyewe yalipangwa vibaya. Bi Ngoma hakubishana naye. Alivaa, akachukua mkoba, akasimama mlangoni kimya mpaka mwanamume akaishiwa maneno akatafuta viatu.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwembamba, msemaji wa taratibu, asiye na haraka hata korido ikijaa. Alimpima, akamtia matone ya kupanua mboni, akamwangalia ndani ya jicho kwa taa kali, halafu akawaeleza kwa lugha ya kueleweka. Alisema jicho hutengeneza maji yake lenyewe na kuyatoa kupitia mfereji mdogo. Mfereji ukiziba, maji hukosa pa kwenda, presha hupanda, na presha ile hukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Hii ndiyo presha ya macho, wengine huiita glakoma. Haiumi wala haiwashi. Huanza kula pembeni, polepole, na mtu huendelea kuona katikati vizuri kabisa, kwa hiyo hajui kwamba anaibiwa.

Mashavu akauliza ni dawa gani ya kurudisha kilicholiwa.

"Hakuna, mzee wangu," daktari akasema. "Kilichokwenda kimekwenda. Kazi yetu ni kulinda kilichobaki."

Wakaanza na matone ya kila siku. Mashavu aliyasahau mara kwa mara, na siku alizokumbuka yalimwachia macho mekundu kama mtu aliyekesha. Baadaye wakajaribu leza, mwanga wa kuuzibua ule mfereji, akiwa amekaa tu kwenye kiti. Ikasaidia, lakini kidogo. Presha iliendelea kukaa juu, na juu ya hayo kila jicho likaonyesha mtoto wa jicho anayeanza. Ndipo daktari akawaita wakae chini wazungumze habari ya upasuaji.

Aliwaeleza kwamba zipo njia mbili. Ya kwanza ni ndogo. Wakati wa kuondoa mtoto wa jicho, kwa kutumia tundu lile lile, huingizwa kijibomba kidogo sana, punje ya mchele ni jitu mbele yake, kikaachwa ndani ya mfereji ili maji yapite. Jicho hupona upesi. Tatizo lake ni kwamba kinashusha presha kiasi, na kinamfaa mtu ambaye ugonjwa wake haujafika mbali. Njia ya pili ni ya siku nyingi na ni kubwa zaidi. Daktari hufungua mlango mpya kwenye weupe wa jicho, maji yakatokea chini ya ngozi yake, yakaacha kilengelenge kidogo kinachofichwa na kope la juu. Hiyo hushusha presha sana, lakini hutaka uangalizi wa maisha.

"Na tarumbeta?" Mashavu akauliza. Ndilo swali pekee alilokuja nalo.

Daktari hakumficha. Mtu akipuliza kwa nguvu namna ile, presha ya macho nayo hupanda. Macho mazima huvumilia. Ya kwake hayana tena pa kuvumilia. Kwa ile njia ndogo, jicho likipona vizuri, wangeweza kuzungumza habari ya kupuliza kidogo kidogo. Kwa ile kubwa, tarumbeta lipumzike kabisa.

"Basi mimi ni wa kijibomba," Mashavu akasema, kama mtu anayechagua shati dukani.

Daktari akatabasamu, akamwambia kwamba hilo litaamuliwa na macho yake. Kulikuwa na kipimo cha kuonyesha upeo wa kuona umebaki kiasi gani, akamwandikia.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, chenye giza, na mashine iliyofanana na bakuli kubwa jeupe lililolazwa ubavu. Mpimaji, mama mmoja mwenye kandambili na sauti ya kubembeleza, alimkalisha Mashavu kidevu kikiwa juu ya egemeo, akamziba jicho moja, akampa kitufe mkononi. Akamwambia akaze macho kwenye nukta ya katikati asiiache. Vitaa vidogo vitawaka hapa na pale ndani ya bakuli, vingine hafifu sana. Akikiona abonyeze, asipokiona asibonyeze, na asijali, maana hakuna mtu anayeviona vyote. Bi Ngoma akaruhusiwa kukaa pembeni, mradi asifungue mdomo.

Akakaa. Hakuona chochote zaidi ya mgongo wa mumewe, lakini kitufe alikisikia. Tik. Kimya kidogo. Tik. Tik. Mwanzoni kidole gumba cha Mashavu kilienda ovyo ovyo, mara kinawahi, mara kinachelewa, kama mtu anayeokota mchele mmoja mmoja sakafuni. Kisha kikatulia. Tik, tik, tik-tik, tik. Bi Ngoma akajikuta amefurahi. Mguu wake wa kulia ukaanza kufuata taratibu, kisigino juu, kisigino chini, na alipogundua mguu unafuata nini, akaukaza chini.

Ulikuwa wimbo wa kuingilia, ule wanaopiga wakiingia ukumbini. Miaka yote hiyo alikuwa ameupigia ngoma, angeutambua hata ukipigwa kwa kijiko juu ya sufuria. Mtu anayesubiri kitu asichojua kitatokea lini husita, hushtuka, huchelewa. Kidole kile hakikusita hata mara moja. Taa ziwake, taa zisiwake, Mashavu alikuwa anapiga muziki.

Alitaka kusema. Akajizuia. Alijiambia kwamba ameambiwa anyamaze, jambo ambalo lilikuwa kweli, na alijua vilevile kwamba hiyo haikuwa sababu yake. Sababu yake ilikuwa kwamba na yeye alikitaka kijibomba. Aliolewa na mpiga tarumbeta. Hajui kuishi na mtu mwingine.

Daktari alipoyatazama majibu alikunja uso. Alisema mshipa wa jicho la kushoto, jinsi alivyouona kwa macho yake, umechakaa kuliko kipimo kinavyosema. Majibu ni mazuri mno, na mashine yenyewe imeonyesha kuyatilia shaka. Pengine mzee alichoka. Angependa kurudia. Mashavu akapiga mwayo, akashika shingo, akasema shingo imekufa ganzi. Basi wakakubaliana arudi keshokutwa asubuhi akiwa amepumzika, apime tena, na wakiridhika apangiwe siku ya kuwekewa kijibomba, macho yote mawili, moja baada ya jingine.

Njia nzima kurudi nyumbani Mashavu alipiga mluzi.

Kesho yake mchana alikaa sebuleni akisugua tarumbeta lake kwa kitambaa laini, jambo alilolifanya kwa mapenzi ambayo sahani za nyumba ile hazijawahi kuyaona. Bi Ngoma akaja akasimama upande wake wa kushoto, hatua moja tu kutoka bega lake. Mashavu hakugeuka. Bi Ngoma akapunga mkono. Mashavu akaendelea kusugua. Akamkunjia uso. Akamtolea ulimi, ulimi wote, kama watoto wa shule wanavyomfanyia mwalimu akiwapa kisogo. Akatia vidole masikioni akavichezesha. Mwanamume akapulizia mvuke kwenye mdomo wa tarumbeta, akafuta, akaimba chini chini, ametulia kabisa. Bi Ngoma alianza kwa utani, na utani ukamfia usoni. Akabaki amesimama pale, mtu mzima na akili zake, akimtazama mume ambaye kwake yeye hakuwapo.

"Nimekutolea ulimi," akasema hatimaye.

Mashavu akageuza kichwa kizima. "Lini?"

"Sasa hivi. Kwa muda mrefu."

Mashavu akacheka. Kisha akauona uso wa mkewe, kicheko kikaisha.

"Jana ulibonyeza kwa mdundo," Bi Ngoma akasema. "Wimbo wa kuingilia. Hukukosa pigo hata moja."

Alitegemea atakana. Mashavu akaliweka tarumbeta mapajani, akalifunika kwa kitambaa. Akamweleza kwamba alianza kwa haki. Taa zikaja, akabonyeza. Halafu taa zikawa haziji, na yeye yuko gizani peke yake na kitufe, na mkono ukaona aibu kunyamaza. Tangu lini mkono wake ukakaa kimya mbele ya watu? Ukatafuta cha kufanya, ukakipata. Alipojua ni wimbo gani, alikuwa ameshafika katikati.

"Na kesho?"

"Kesho nitaupiga tena."

"Baba watoto, hayo ni macho yako."

"Na lile ni tarumbeta langu." Hakupandisha sauti. "Niambie, bila hilo mimi ni nani? Ni mzee mwenye mashavu makubwa. Mama, wee niache niwekewe kijibomba. Kitashusha presha, daktari kasema."

"Kasema kwa mtu ambaye ugonjwa haujafika mbali. Wako umefika. Na ulijua." Hapo hasira zikampanda, na zilipopanda zilipanda zote. "Miaka miwili ulijua. Ukaniweka pale kuwa fimbo ya kipofu, na mimi nikatembea nimejaa kiburi, nadhani mume wangu ananipenda."

Mashavu akakinyoosha kile kitambaa juu ya tarumbeta.

"Nilijua upande ule umeingia giza," akasema. "Nikamweka pale mtu ninayemwamini. Nani kakwambia hayo si mapenzi?"

Bi Ngoma akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mashavu akamfuata mpaka mlangoni, akamwomba asimwambie daktari. Hakumjibu, na mumewe, kwa kuwa alitaka iwe hivyo, akakuchukulia kule kunyamaza kuwa ndiyo. Bi Ngoma aliiacha sabuni ikauke mikononi. Alimhurumia. Huruma ile ilimuuma kuliko hasira, kwa sababu hasira angeweza kuitoa na kumaliza. Na alijua kwamba akinyamaza kesho, mumewe atampenda, bendi itapiga, na giza litaendelea kula hadi siku ambayo haitasaidia tena kumsimamisha mtu upande wowote.

Asubuhi waliketi mbele ya daktari, Mashavu amenyoa ndevu, amevaa shati la harusini. Daktari akauliza kama mzee amelala vizuri. Mashavu akasema amelala fofofo. Bi Ngoma akaweka mkoba sakafuni.

"Daktari," akasema, "mume wangu ni mwanamuziki. Kipimo kile hakukifanya kwa macho. Alikifanya kwa mdundo."

Hakumtazama Mashavu. Alihisi tu jinsi bega lake lilivyojitenga na lake, kidogo sana, kwenye viti vile vilivyobanana. Daktari hakukemea mtu. Alimtazama mzee, akamtazama mama, akasema kwamba kila mtu hufanya kipimo na mwili alio nao, na kwamba sasa ameelewa kwa nini mshipa na majibu yalikuwa hayaelewani. Akamwita yule mpimaji mwenye kandambili, akamwomba safari hii awe anaisimamisha mashine mara kwa mara, bila utaratibu, ili mdundo usipate pa kushika.

Mashavu angeweza kukataa. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kupimwa. Akainuka, bega lake la kushoto likagonga mwimo wa mlango, na akaenda.

Kule gizani Bi Ngoma alifumba macho asikilize. Tik. Tik. Kisha kimya. Mpimaji akasimamisha mashine, akaiwasha tena. Tik. Kimya. Kimya kingine. Katika muziki anavijua vimya, na havimtishi, kwa sababu kila kimya kina mwisho na kila mpigaji anajua mwisho uko wapi. Hiki kilikwenda kikapita pale ambapo pigo lingepaswa kuanguka, kikapita na pa pili, na pa tatu. Kila mara alidhani sasa, na haikuwa sasa. Mumewe alikaa pale kichwa ndani ya bakuli, mkono umetulia, akisubiri kwa uaminifu taa zilizokuwa zinawaka mbele yake moja baada ya nyingine. Bi Ngoma akauma kitambaa cha kichwani ili asitoe sauti.

Walipomaliza, wakakaa kwenye benchi la korido kungoja kuitwa. Mashavu hakumwangalia. Watu wakapita, kitanda cha magurudumu kikapita.

"Ulisikia?" akauliza baada ya muda.

"Nilisikia."

"Mimi mpigaji wa namna ile ningemfukuza siku hiyo hiyo." Akajaribu kucheka, hakuweza. "Kimya kirefu vile, mama. Sikujua ni kirefu vile."

Akaupapasa mkono wa mkewe akaushika, na Bi Ngoma akajua kwamba amesamehewa, au atasamehewa karibuni.

Daktari aliwaeleza bila kuzungusha. Jicho la kulia bado liko pazuri, kijibomba pamoja na kuondoa mtoto wa jicho kitalitosha. La kushoto limefika mbali. Kijibomba hakitaliweza, linataka ule upasuaji mkubwa. Na kwa ajili ya la kushoto, pamoja na usalama wa la kulia, tarumbeta basi.

Mashavu akauliza kama la kushoto haliwezi kuachwa tu. Ameshalizoea lilivyo. Daktari akasema bado lina dirisha dogo katikati, na dirisha lile ndilo linalomfanya aone ngazi na nyuso za watu akiwa karibu. Likiachwa litafungwa.

Mashavu akamgeukia mkewe, kichwa kizima kama alivyozoea. "Wewe unasemaje?"

Bi Ngoma alikuwa ameandaa maneno ya busara njia nzima. Yote yakamponyoka.

"Nakipenda kile kitu kuliko unavyojua," akasema. "Kikinyamaza nitalia wiki nzima, halafu nitanyamaza. Lakini siku usiponiona tena, sijui nitalia mpaka lini."

Daktari akajifanya anatafuta kalamu mezani.

"Tufanye hilo kubwa," Mashavu akasema.

Jicho la kushoto lilitangulia, na kupona kwake kulitaka subira. Mashavu hakuruhusiwa kuinama wala kubeba kitu, hata ndoo ndogo. Kila siku chache alirudi kuangaliwa, na Bi Ngoma akawa bingwa wa matone. Alimfungua kope kwa vidole viwili huku anamtisha kama mtoto mkaidi. La kulia lilipofika zamu yake lilikwisha upesi kiasi kwamba Bi Ngoma alikuwa bado anatafuta pa kukaa. Muuguzi alitoka akicheka. Alisema mzee, akiwa macho kabisa na jicho limetiwa ganzi, alianza kuimba wimbo puani, na daktari ikabidi amwombe akatishe kwa sababu kichwa kilikuwa kinatikisika. Kijibomba kilikaa mahali pake. Presha ikashuka.

Ndipo ikaja sehemu ambayo hakuna aliyewaandaa. Majirani na wanabendi wakaja kumpa pole, na kila aliyeingia alikuwa na swali moja: sasa unaona? Walitegemea muujiza. Mashavu akawajibu ukweli, kwamba la kulia limeng'aa kidogo kwa kuwa mtoto wa jicho ameondoka, lakini ule upande wa giza bado ni giza. Anaona vilevile. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, mtu asiyejua kupindisha neno, akasema, "Sasa walikupasua kwa ajili gani?" Mashavu akamkaribisha chai. Siku nyingine hata yeye alijiuliza hivyo hivyo, kwa sauti, akiwa peke yake bafuni.

Mdogo wake akachukua tarumbeta la mbele. Alipiga vibaya, halafu afadhali, halafu vizuri kidogo. Mashavu alikaa kwenye kiti wakati wa mazoezi akimwimbia sehemu anazokosea, na sauti yake, tuseme kweli, ilikuwa ya kufukuzia kunguru. Watu walicheka na yeye alicheka. Lakini alasiri moja Bi Ngoma aliingia chumbani akamkuta amelitoa tarumbeta kwenye kasha, amelitia mdomoni, hapulizi, vidole tu vinapanda na kushuka, wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho, bila mlio. Akarudi nyuma kwa vidole vya miguu, akaenda kukaa uani. Siku ile alijuta. Alijiuliza kama ana haki gani ya kumnyang'anya mtu kitu chake ili ampe tu kile alichokuwa nacho tayari. Alilia, kama alivyoahidi, na haikuwa wiki moja.

Mwaka ulipotimia wakaitwa kupima upeo wa kuona. Mpimaji ni yule yule. Mashavu akakaa, akakibonyeza kitufe pale alipoona na kuuacha mkono utulie pale asipoona, na Bi Ngoma akasikiliza vile vimya virefu na kushindwa kujua kama vimerefuka. Wakaketi mbele ya daktari. Alikuwa ameweka majibu mawili kando kwa kando, ya mwaka jana na ya leo. Akayapitisha kidole, jicho la kulia, jicho la kushoto, akarudia tena kama asiyeamini macho yake mwenyewe.

"Vilevile," akasema. "Kilichobaki hakijapungua hata kidogo. Kwa ugonjwa huu, mzee wangu, hakuna habari nzuri kuliko hiyo."

Mashavu akamwomba arudie. Daktari akarudia. Ndipo mzee akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyekuwa ameizuia mwaka mzima, na akaanza kuuliza maswali, matone aendelee nayo hadi lini, na arudi lini tena.

Bi Ngoma hakusikia hata moja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni mwa meza, akitazamana na mumewe, na machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni. Hakutoa kwikwi, hakuinua mkono kuyafuta, hakutaka kuwakatiza. Chumbani mlisikika sauti ya daktari tu.

"Usilie, mama," Mashavu akasema.

"Nani kakwambia nalia?"

"Nakuona," akasema mumewe.